MAMBO YA KUSTAAJABIA: JIWE LIENDALO NA KURUDI

Wasomaji wetu wapenzi, mwezi huu twataka kunena habari za kitu ambacho watu wa Unguja hukigusa kila siku, wala hawakitazami, nacho ni jiwe la ukutani. Mtu akipita katika vichochoro vya Mji Mkongwe, toka Shangani hata Malindi, huisifu milango ya nakshi na misumari yake ya shaba, huzisifu roshani na baraza. Lakini ukuta wenyewe hausifu, maana auona mzee, lipu imebambuka, na jiwe limebaki uchi. Basi twamwomba asimame kidogo mahali pale pale palipobambuka, atazame kwa karibu. Ataona katika jiwe alama ndogo ndogo zilizopangwa kama sega la nyuki, na pengine kama nyota zilizobanana. Alama zile hazikufanywa na patasi ya mtu. Ni vyumba, na kila chumba kilikuwa na mwenyewe.

WAJENZI WA KWANZA

Wengi hudhani kwamba matumbawe ni mawe tu, na wengine hudhani ni mimea ya baharini. Kweli yake ni wanyama. Kila mmoja ni kiumbe laini mwenye umbo la kifuko, ana mdomo mmoja upande wa juu, na mdomo huo umezungukwa na vikono vidogo vya kunasia chakula. Ni jamaa ya yavuyavu wale wanaowawasha wavuvi. Wengi wao hawapiti ukubwa wa kichwa cha pini au ncha ya kidole, lakini hukaa pamoja kwa maelfu, mwili wa huyu umeshikamana na mwili wa yule.

Katika maji ya bahari mna chokaa iliyoyeyuka, wala haionekani, kama sukari isivyoonekana katika chai. Kiumbe huyu huichota chokaa ile, akaigeuza kuwa kikombe kigumu cha jiwe chini yake, naye hukaa ndani. Akikua hujenga sakafu mpya juu ya ile ya zamani, akahamia juu, na cha chini akakiacha kitupu. Ndivyo mwamba uinukavyo: walio hai wako juu kabisa, ni ngozi nyembamba tu, na chini yao kuna vyumba tupu vya wazee wao.

Tena ana mpangaji. Ndani ya mwili wake hukaa mwani mdogo mno, usioonekana kwa macho matupu. Mwani huo hupata mahali pa salama pa kukaa, nao hulipa kodi kwa chakula, maana hufanya chakula kwa nuru ya jua na kumgawia mwenye nyumba. Ndiyo sababu matumbawe yajengayo miamba hupenda maji maangavu yasiyo na kina kirefu: pasipo jua mpangaji hawezi kulipa, na pasipo kodi mwenye nyumba hana nguvu ya kujenga.

Kazi yao ni ya polepole sana. Tumbawe la namna ya donge hukua kiasi cha sentimita 1 kwa mwaka, pengine zaidi, pengine pungufu. Kuta za nyumba kubwa za mji wetu zina unene wa sentimita 50 au 60. Tuseme basi fundi angetaka jiwe moja lenye kufika toka nje ya ukuta hata ndani: viumbe wale wangalifanya kazi miaka 50 au 60 kulimaliza. Mtoto aliyezaliwa siku walipoanza angalikuwa babu siku walipokwisha.

JINSI MWAMBA ULIVYOPANDA NCHI KAVU

Msomaji ataweza kuuliza, “Je, wazee walizamia mawe yote haya baharini?” Hapana. Yako yaliyotolewa baharini, nayo yalikuwa na kazi yake maalum. Tumbawe lililotolewa majini ni jororo. Mtu aweza kulichonga kwa chombo kidogo kama achongavyo mti, kisha likikaa juani hukauka na kuwa gumu. Kwa hiyo wazee walilitumia kwa mapambo na maandishi. Mwenye kutaka kuona na aende Kizimkazi Dimbani, upande wa kusini wa kisiwa, akaangalie msikiti wa kale. Katika kibla chake mna maandishi ya Kiarabu ya namna ya Kufi yaliyochongwa katika tumbawe, na tarehe iliyoandikwa humo ni mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107. Jiwe lile limeyatunza maneno yale miaka zaidi ya 900.

Lakini mawe mengi ya kuta yalichimbwa nchi kavu. Watu wa Makunduchi, Paje, Jambiani na Nungwi wajua habari hizi, maana huishi juu yake. Nchi yao wenyewe huiita maweni. Yamefikaje huko? Jibu lake ni kwamba bahari haikukaa mahali pamoja siku zote. Yapata miaka 125,000 iliyopita, dunia ilikuwa na joto, na bahari ilikuwa juu kuliko leo kwa mita kadhaa. Hapo samaki waliogelea mahali ambapo leo watu hupanda mihogo, na matumbawe yakamea. Baadaye baridi ikazidi duniani, maji mengi yakaganda kuwa barafu katika nchi za mbali za kaskazini na kusini, na bahari ikashuka. Miamba ikabaki juu, imekauka, viumbe wake wamekufa, na vyumba vyao vimebaki.

Bahari haikukoma kushuka hapo. Yapata miaka 20,000 iliyopita ilikuwa chini ya kiasi cha leo kwa mita 120 hivi. Mkono wa bahari uliopo kati ya Unguja na Mrima hauna kina kikubwa, basi wakati ule ulikuwa nchi kavu, na mnyama aliweza kuvuka kwa miguu toka upande wa Bagamoyo. Pemba haikuwa hivyo, maana mkondo wake una kina kirefu sana. Hii ndiyo sababu Unguja ilikuwa na chui wake, na Pemba haikuwa na chui hata mmoja. Kisha barafu ikayeyuka, maji yakarudi, na Unguja ikawa kisiwa tena.

Mvua nayo imefanya kazi yake. Maji ya mvua hushika hewa ya ukaa angani na katika udongo, yakawa na ukali kidogo, si wa kuhisika ulimini, lakini watosha kulila jiwe la chokaa kwa muda wa maelfu ya miaka. Mapango kama lile la Mangapwani yalifanyika hivyo. Twamwomba msomaji aikumbuke hewa hii ya ukaa, maana itarudi mara nyingi katika habari hii.

KUPIKA JIWE

Sasa tumfikie fundi. Mawe peke yake si ukuta. Yataka kitu cha kuyashikamanisha, nacho ni chokaa. Na ajabu yake ni hii, kwamba chokaa ni jiwe lile lile lililopikwa.

Mpika chokaa wa Unguja hupanga magogo kwa mviringo, tabaka juu ya tabaka, mpaka rundo limekuwa kubwa. Juu yake huweka vipande vya mawe ya matumbawe, kisha hutia moto katikati. Hii ndiyo tanuu. Moto ukipata joto la nyuzi 900 hivi, jiwe huachia hewa ya ukaa iliyofungwa ndani yake tangu siku za bahari, nayo hupanda na moshi. Lililobaki lina umbo lile lile la jiwe, lakini ukilishika ni jepesi. Hesabu yake yajulikana barabara: kilo 100 za jiwe safi la chokaa hupoteza kilo 44 za hewa, na kilo 56 tu ndizo zibakizo.

Hizi kilo 56 ni chokaa kali isiyozimwa, nayo ni kitu cha hatari. Ikiguswa na maji huchemka, huvimba, na kupasuka kuwa unga mweupe. Joto lake laweza kuunguza ngozi, na chembe moja jichoni yaweza kumpofusha mtu. Ikizimwa kwa maji yake kamili, hushika kilo 18 za maji, ikawa kilo 74. Hii ndiyo chokaa mafundi waichanganyayo na mchanga au udongo mwekundu.

Fundi akiisha kuipaka ukutani, chokaa haikauki tu kama udongo ukaukavyo. Huanza kuivuta hewa ya ukaa iliyomo katika upepo, kidogo kidogo, na kuyaachilia maji iliyopewa. Hurudisha kilo 44 za hewa, hutoa kilo 18 za maji, na mwisho wa hesabu zapatikana kilo 100 za jiwe, jiwe lile lile la kwanza. Basi jiwe huondoka kwa moto, likaenda kwa maji, likarudi kwa upepo. Waashi wetu walilijua jambo hili kwa mikono yao kabla halijaandikwa kwa hesabu, maana walijua kwamba lipu ya chokaa haipendi haraka, na ukuta wa chokaa huzidi ugumu kwa miaka.

NYUMBA IVUTAYO PUMZI

Katika nyumba za kale, juu ya kuta hulazwa boriti, yaani miti ya mikokoni, kama mkoko na mkandaa. Miti hii ni mizito na migumu, walakini urefu wake una kiasi. Ndiyo sababu vyumba vya nyumba za kale ni virefu na vyembamba: upana wake ni mita 2 na nusu au 3 hivi, kwa kuwa boriti haiwezi kupita zaidi. Mtu aingiaye chumbani hudhani mwenye nyumba alipenda umbo lile, kumbe mkoko ndio uliokata shauri.

Juu ya boriti hupangwa mawe, na juu ya mawe hutiwa chokaa, kokoto na udongo. Kisha watu wengi, wake kwa waume, hupanda na vipande vya mti mikononi, wakapigilia kwa pamoja huku wakiimba, siku baada ya siku, mpaka sakafu imeshikamana. Wimbo ule haukuwa mchezo tu. Uliwafanya wapige kwa kipimo kimoja, pasiwe na mahali palipopigwa sana na mahali palipoachwa.

Ukuta wa namna hii una vijitundu vidogo visivyohesabika. Mvua ikiupiga hunywa maji. Jua likitoka huyatoa tena kwa njia ile ile. Twaweza kusema ukuta huvuta pumzi. Maadamu pumzi haijazibwa, na maji hayaingii kuliko yatokavyo, nyumba hukaa. Lakini njia mbili zikiharibika, yaani dari ikivuja au pumzi ikizibwa, hapo ndipo ubaya uanzapo.

KANISA LA MKUNAZINI NA JUMBA LA FORODHANI

Pana majengo mawili mjini ambayo yatatufundisha zaidi. La kwanza ni Kanisa Kuu la Kristo pale Mkunazini, lililojengwa mahali palipokuwa na soko la watumwa. Soko lilifungwa mwezi wa Juni 1873, na jiwe la msingi likawekwa siku ya Noeli ya mwaka ule ule. Askofu Edward Steere, aliyesimamia kazi, alitaka kanisa pana lisilojaa nguzo katikati, na boriti zisingefika. Basi akalifunika kwa paa la mviringo, kama nusu ya pipa lililolazwa, bila boriti hata moja. Akaponda matumbawe, akayachanganya na sementi. Umbo la mviringo huusukuma uzito kando, mpaka kwenye kuta nene, nazo huupeleka chini. Steere alikufa mwaka 1882, naye akazikwa nyuma ya madhabahu. Na paa lake lasimama hata leo.

Sementi ni nini basi? Ni ndugu ya chokaa, lakini tabia zao ni mbalimbali. Namna hii tuijuayo ilianza kwa Joseph Aspdin wa Uingereza, aliyepewa hati yake mwaka 1824. Hupikwa kwa jiwe la chokaa pamoja na udongo wa mfinyanzi, kwa joto la nyuzi 1,450 hivi, kisha husagwa. Chokaa hungoja upepo ili iwe jiwe. Sementi huwa jiwe kwa maji yenyewe, upesi, hata ndani ya maji. Ni ngumu, nayo hubana. Hizo ni sifa njema pahali pake, kama tulivyoona Mkunazini, ambako matumbawe na sementi vilichanganywa tangu mwanzo kuwa kitu kimoja.

Lakini mtu akiupaka ukuta wa kale wa chokaa lipu ya sementi, ameufunga mdomo. Maji yaliyomo ndani hayapati njia ya kutoka. Hupanda juu ukutani, yakabeba chumvi. Chumvi ikikauka nyuma ya lipu hujifanya chembe, na chembe zikikua hulisukuma jiwe na kulisaga kuwa unga. Kwa nje ukuta waonekana mpya. Kwa ndani walika. Na vichwa vya boriti, vilivyopandwa ndani ya ukuta ule wenye maji, huoza bila mtu kuona, na mchwa huvifuata.

Jengo la pili ni Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu, lililojengwa na Sultani Seyyid Barghash mwaka 1883. Humo palitumika mawe ya matumbawe, boriti za mikoko, zege, na boriti za chuma. Na roshani zake kubwa zilizunguka pande zote juu ya nguzo nyembamba za chuma cha kuyeyushwa. Kwa chuma vyumba viliweza kuwa vipana na virefu kwenda juu, kuliko mkoko ulivyoruhusu. Mizinga ya meli za Kiingereza iliipiga ile pwani tarehe 27 Agosti 1896, majengo ya jirani yakavunjika, na jumba lile likabaki limesimama.

Ambacho mizinga haikukifanya, miaka ilikifanya. Mwaka 2012 sehemu moja ya jumba ilianguka. Tarehe 25 Desemba 2020, mafundi wakiwa katika kazi ya kulitengeneza, upande mkubwa wa mbele ulianguka pamoja na mnara wa saa, na watu wawili wakafa. Walikuwa wamekwenda kazini kuliponya jengo, nao hawakurudi kwao. Si kazi yetu hapa kumhukumu mtu. Twataka kusema neno moja tu, kwamba nyumba ya mawe haianguki kwa siku moja, ijapokuwa kishindo husikika siku moja. Na ukiacha majumba makubwa ya kifalme, ziko nyumba za watu, ambamo watoto hulala chini ya boriti kila usiku.

NENO KWA WENYE NYUMBA

Kwa hiyo twawasihi wasomaji wetu wanaokaa katika nyumba za kale, wawe ni wenyewe au ni wapangaji, wayaangalie mambo haya kabla masika hayajafika.

Kwanza, dari na mifereji. Maji ndiyo adui mkubwa. Mfereji uliozibwa na majani hugharimu saa moja kuuzibua. Ukiachwa, humwaga maji ukutani masika yote.

Pili, miche iotayo ukutani. Ndege huleta mbegu za mitini ya mwitu, nayo huota katika nyufa. Mche wa urefu wa kidole wang'oleka kwa mkono. Ukiwa mti, mizizi yake imekwisha kuyatenga mawe, na kuung'oa ni kubomoa.

Tatu, unga mweupe na madoa ya maji. Unga ule ni chumvi, nao wasema kwamba maji yamo ndani. Dawa yake ni kuitafuta njia yaingiapo na kuiziba, kisha kupaka lipu ya chokaa. Kupaka sementi juu yake ni kukifunika kidonda kisichooshwa.

Nne, vichwa vya boriti. Gonga kwa nyundo ndogo karibu na ukuta. Mti mzima hulia kwa sauti kavu. Uliooza sauti yake ni nzito na butu. Boriti ikizama katikati, au ukuta ukifura tumbo kwa nje, watu na wahame chumba kile, kisha aitwe fundi ajuaye kazi za kale. Iko pia Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, iliyoundwa mwaka 1985 kwa ajili ya mambo haya.

Tano, uzito. Dari ikivuja, wengine huongeza tabaka ya zege juu ya ile ya kwanza. Uvujaji hukoma kwa muda, lakini boriti zile zile, zilizokwisha kulowa, zimetwishwa mzigo mpya.

Na wajengao nyumba mpya kwa nondo na zege, nao wasidhani kwamba wameokoka. Mchanga wa pwani una chumvi. Ukitiwa katika zege, chumvi huisaidia kutu kula nondo. Na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, hivyo hulipasua zege toka ndani. Mchanga usiojulikana ulikotoka si rahisi, hata ukiuzwa kwa bei ndogo.

NENO KWA WALIMU

Walimu waweza kuyaonyesha haya darasani bila gharama. Chukueni kipande cha tumbawe kuukuu kilichookotwa shambani, au ganda la yai, mkidondoshee maji ya ndimu au siki. Vitatokea vijipovu. Vijipovu hivyo ni hewa ya ukaa iliyokuwa imefungwa katika jiwe.

Tena, tia chokaa iliyozimwa kidogo katika chupa ya maji safi, tikisa, uache itulie hata asubuhi, kisha mimina polepole maji maangavu ya juu katika bilauri. Mwalimu mwenyewe na achukue mrija, apulizie pumzi yake ndani ya maji yale. Asivute, wala asiwaache watoto wayaonje, maana maji ya chokaa huunguza, nayo yasiguse macho. Punde maji yatakuwa meupe kama maziwa. Hewa ya ukaa iliyotoka kifuani mwake imekutana na chokaa, na weupe ule ni jiwe jipya, chembe ndogo ndogo za jiwe la Unguja zilizofanywa kwa pumzi ya mtu. Watoto wakiliona jambo hili hawatalisahau.

WAJENZI WALIO HAI

Limebaki neno moja. Wajenzi wa kwanza hawajaisha. Wako chini ya maji yetu hata sasa. Lakini wao pia wamepatikana na taabu. Maji ya bahari yakizidi joto la kawaida kwa nyuzi 1 tu, na yakikaa hivyo kwa majuma kadhaa, yule mpangaji wa mwani hutoka nyumbani. Tumbawe hubaki jeupe kama mfupa, na joto lisipopungua hufa kwa njaa. Mwaka 1998 jambo hili liliipata bahari yetu yote ya upande huu wa Hindi, na miamba mingi ikafa. Mwaka 2016 likarudi. Tena hewa ya ukaa itokayo katika makaa, mafuta na moto wa dunia nzima huingia baharini na kuyapunguzia maji uwezo wa kujenga vikombe vile vya jiwe. Ile iliyokuwa ikiliyeyusha pango la Mangapwani kwa maelfu ya miaka sasa yafanya kazi kwa haraka katika maji.

Sisi wa visiwani hatuwezi kuipoza bahari kwa nguvu zetu peke yetu. Lakini mvuvi aweza kuiacha nanga mchangani isivunje mwamba, na mpita pwani aweza kuliacha tumbawe hai mahali pake. Kisiwa cha Chumbe kilifanywa hifadhi mwaka 1994, na miamba yake ni shahidi kwamba mahali palipoachwa pakae, viumbe hawa hujua kazi yao.

Basi, wasomaji wetu, mkipita tena penye ukuta uliobambuka, wasimamisheni watoto wazitazame zile nyota katika jiwe, mkawaeleze zilifanywa na nani. Kisha mkifika nyumbani, pandeni juu mkautazame mfereji. Mwezi ujao, tukijaliwa, tutaeleza habari za maji matamu yanayotoka chini ya maweni, na kwa nini kisima kilicho karibu na bahari huwa kitamu leo na kesho kikawa cha chumvi.